Maji Imekatika

Kinyozi wa karibu na msikiti pale Kitale bado anaweka kipande cha shabu juu ya kabati lake la kioo. Nilikiona Jumapili nikipita kuelekea nyumbani kwa marehemu. Ni jiwe jeupe linalopitisha mwanga kidogo, limelika pembeni kwa kusuguliwa kwenye mashavu ya watu. Wembe ukimkwaruza mteja, kinyozi hulilowesha, hulipitisha juu ya jeraha, na damu huganda hapo hapo. Nilisimama mlangoni muda mrefu mpaka akaniuliza, "Mama, unatafuta mtu ama umekuja kunyolewa?" Wateja wakacheka, nami nikacheka huku macho yamejaa. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba jiwe kama lile lilinilea mwaka mmoja mzima? Mzee aliyenifundisha kulitumia alikuwa amezikwa siku tatu zilizopita, na mimi sikumuwahi, maana Waislamu huzika upesi na habari ilinifikia nikiwa Bungoma kazini.

Mama Zuhura, mke wa marehemu, alikuwa ameketi mkekani sebuleni pamoja na wanawake wengine, mtandio mweupe kichwani. Alinishika mikono yote miwili, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Nafula, umenenepa." Ndivyo anavyosema akifurahi kumwona mtu, hata kwenye matanga. Nikaletewa chai. Nilipoitazama nikaona maziwa yameachana na maji, vipande vidogo vyeupe vinaelea juu kama nyuzi za pamba. Binti aliyeileta akaona haya: "Pole Auntie, maziwa ilikuwa ya jana." Mama Zuhura akatazama kikombe, akanitazama mimi, na tukaanza kucheka sisi wawili, kicheko kile cha kushika mbavu, mpaka wageni wakageuka kutuangalia. Waliona ajabu, mjane na mgeni wakicheka juu ya kikombe cha chai iliyoharibika. Akajifuta machozi kwa pembe ya mtandio. "Kuna kitu chako nimekitunza," akasema. "Kaa kwanza, watu wapungue." Basi nikakaa, kikombe mkononi, na mwaka ule wote ukarudi.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili ambapo simu ya mkononi ilikuwa ya wenye nazo, na sisi wengine tulipanga foleni kwenye simu ya jamii. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kidato cha pili nimekiachia katikati, na ndoto kichwani zimejaa kama gunia la maganda, kubwa sana lakini jepesi. Nilitaka kuvaa koti jeupe. Koti la kazi gani sikujua, wala sikujali. Ndipo nikasikia kwamba mradi wa maji wa wakulima, nje kidogo ya Kachibora, unatafuta mtu wa kuosha matangi na kukoroga dawa. Mradi ulikuwa wa wanachama wenyewe, na kamati yao ilikutana Bungoma, kwenye chumba kimoja nyuma ya kisiagi cha mahindi, kwa sababu katibu aliishi huko. Walinichukua kwa mwaka mmoja wa kujaribiwa. Mwaka ukiisha wangeamua: niandikwe kazi na kupelekwa mafunzo, au nirudi nyumbani Naitiri nikapalilie mahindi. Mwaka mmoja basi. Niliushika kama mtu anavyoshika yai akivuka daraja la mti mmoja.

Kituo chenyewe kilikuwa kidogo. Maji ya mto uliotoka milima ya Cherangany yaliingia kwenye tangi la kwanza, yakatiwa dawa, yakapita kwenye mfereji wenye mbao za kuyazungusha, yakalala kwenye tangi kubwa, kisha yakachujwa kwenye mchanga kabla ya kwenda kwa watu. Kando palikuwa na nyumba ya vyumba viwili ya Mzee Hamisi na mkewe, na stoo ambayo nusu ilikuwa ya magunia ya dawa na nusu ikawa yangu. Nililala nikinusa klorini. Mpaka leo nikinusa klorini hujisikia niko nyumbani. Mzee Hamisi alikuwa mzaliwa wa Kitale mjini, mtaa wa msikitini, mwembamba, kofia ya kufuma kichwani, na suruali ya kaki iliyopigwa pasi hata siku ya kusukuma matope. Kiswahili chake nacho kilikuwa kimepigwa pasi. Sisi wengine tulizungumza Kiswahili cha kufikia tu, almradi mwenzako aelewe. Yeye hakukubali. Hata katibu wa kamati, Bwana Wanyonyi, alipotuma kumbukumbu za mkutano zibandikwe ukutani, Mzee alizisahihisha kwa kalamu nyekundu kabla ya kuzibandika. Mama Zuhura alikuwa akisema, "Huyu mtu nilimwandikia barua ya kumkubali posa. Akairudisha imejaa wino mwekundu." Mzee angejibu bila kuinua kichwa, "Nilikuoa, lakini 'nakupenda weye' sikuiacha ipite."

Chumba cha dawa kilikuwa na dirisha moja, na dirishani palipangwa chupa sita za jemu zilizooshwa. Siku yangu ya kwanza Mzee alijaza chupa moja maji ya mto, akaiweka pale, akasema, "Yakishakuwa safi yenyewe, uniite." Nikangoja. Mchanga ulitua siku ile ile. Yaliyobaki yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, na yalibaki hivyo kesho yake, na kesho kutwa, na wiki nzima. Nikamwendea nikalalamika, "Mzee, hii udongo haitulii."

"Udongo huu hautulii," akasema.

"Ndiyo, hautulii. Kwa nini?"

Akavuta ndoo akaikalia. Alinieleza kwamba ule udongo ni mwembamba kuliko unga uliopetwa, na kila chembe imebeba kinyongo, tena kinyongo cha aina moja. "Sasa wawili wenye kinyongo cha aina moja wakikutana, husukumana. Hakuna anayemkaribia mwenzake, kwa hiyo hakuna kundi, na pasipo kundi hakuna uzito wa kuanguka. Wataelea hivyo mpaka kiama." Akatia chumvi ya kupikia, kiganja kizima, kwenye chupa ya pili. Jioni ile udongo ulikuwa umeanza kushuka kwa uvivu, lakini maji yale hata ng'ombe angeyakataa kwa chumvi. Kwenye chupa ya tatu akatia shabu, kidogo tu, kiasi cha kushikwa na vidole viwili. Akakoroga upesi, kisha polepole. "Chumvi inakuja na mkono mmoja wa kupatanisha," akasema. "Shabu inakuja na mikono mitatu. Aliyejenga kituo hiki ndiye aliyenieleza hivyo. Mimi nilikuwa najua tu kwamba kinachogandisha damu kwa kinyozi kitagandisha na tope." Nikainamisha uso karibu na chupa. Mwanzo hakuna kitu. Halafu vikatokea vijipunje, vikatafutana, vikashikana, vikawa kama pumba za mahindi, na vikaanza kushuka taratibu kama watu wanaotoka kanisani, wakisimama njiani kuongea. Juu yao maji yakabaki meupe. Nilipiga kelele nikaruka.

"Mzee! Maji imekatika!"

Nyumbani kwetu maziwa yakiwekwa motoni yakaachana, tunasema imekatika. Nilikosa neno lingine. Mzee akatoa kofia, akajikuna kichwa. "Kwanza, ni ya-mekatika. Maji ni mengi, binti, hata yakiwa kijiko kimoja. Pili, maji hukatika mfereji ukikauka, watu wakabaki na ndoo mikononi. Haya yamejitenga."

"Lakini si imekatika kama maziwa?"

"Maziwa ni maziwa. Sema yamejitenga."

Nikasema yamejitenga. Kesho yake nikasahau, na keshokutwa, na ikawa mchezo wetu. Kila asubuhi nilikoroga zile chupa sita, kila moja na kipimo chake cha shabu, ili tujue siku hiyo mto unataka kiasi gani. Nilipoona pumba nilipaza sauti "Imekatika!" na kutoka nje, popote alipokuwa, yeye alijibu "Yamejitenga!" Mama Zuhura alisema sisi ni kama kasuku wawili waliofunzwa na watu tofauti. Nilijifunza pia kwamba chupa ya sita, iliyotiwa shabu nyingi kupita zote, mara nyingi ilibaki chafu. Mzee alisema mpatanishi akizidi, naye anakuwa mgomvi.

Mchana tulikula watatu nyuma ya jiko, chini ya ukingo wa mabati. Mama Zuhura alipika wali na maharagwe yaliyotiwa nazi ya pakiti. Zamu yangu ilikuwa mrenda, ile mboga ya majani inayoteleza, na niliupika kwa munyu. Huo tunautengeneza kwa majivu ya maganda ya maharagwe: unayatia kwenye mkebe uliotobolewa chini, unamwagia maji juu, na yanayodondoka, ya rangi ya asali nyepesi, ndiyo munyu. Unalainisha mboga na kuondoa ukali na uchachu wake. Nilikuwa na chupa yangu niliyotoka nayo Naitiri. Mzee aliuogopa mwanzoni. "Yaani nakula majivu?" Kisha akawa yeye ndiye wa kuuliza kama munyu bado upo.

Mvua ya Aprili ilipokuja haikubisha hodi. Ilipiga siku tisa, na mto ukawa rangi ya kakao. Tukaongeza shabu. Pumba hazikutokea. Tukaongeza tena, maji yakazidi kuwa na ukungu. Mzee alikoroga chupa kutwa nzima, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema neno la Kiswahili lisilofaa kuandikwa. Chini kwa wanachama mifereji ilitoa uji. Zahanati ilikuwa inatumia maji yale, na shule ya msingi pia. Ndipo barua ikatoka Bungoma, imeandikwa kwa mkono wa Bwana Wanyonyi: kamati itakutana Ijumaa saa sita mchana. Kama kufikia saa hiyo maji hayajawa safi, kituo kifungwe mpaka kiangazi, na kibarua aliye kwenye majaribio asimamishwe. Mzee aliisoma kwa sauti. Makosa yalikuwa manne na hakusahihisha hata moja. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumatano nilikuwa peke yangu chumba cha dawa, nimechoka, nikachovya kidole kwenye chupa nikalamba. Maji yalikuwa na ukakasi, ule wa kuvuta ulimi kama ndizi mbichi, na uchachu nyuma yake. Nilisimama na ladha ile mdomoni, nikaikumbuka. Ni mboga iliyochacha. Na mboga ikichacha unafanya nini? Nilikimbia jikoni, nikarudi na chupa yangu ya munyu, nikadondosha matone machache kwenye maji ya mto, nikatia shabu kiasi cha kawaida, nikakoroga. Nilihesabu moyoni kama mtoto anayecheza kujificha. Pumba zikatokea. Kubwa, nzito, zikashuka kama zimeitwa.

"Imekatika!" Safari hii sikujibiwa. Mzee alikuja mbio, akainama, akaitazama chupa muda mrefu. "Umetia nini?"

"Munyu."

Akaketi. Kisha akajipiga paja. "Poda nyeupe! Nafula, yule aliyejenga kituo alikuwa na poda nyeupe. Mvua zikizidi anaimwaga kwanza, kisha shabu. Gunia lilipoisha hakuna aliyeuliza, tulidhani ni ya kupaka kuta. Na kwa kweli ni ya kupaka kuta! Ni chokaa!" Miaka miwili iliyotangulia mvua ilikuwa haba, na shabu peke yake ilitosha, kwa hiyo hatukujua kilichokosekana. Niliyaelewa vizuri baadaye: shabu ikiingia majini huyafanya yawe machachu, na maji ya mvua hayana cha kuupoza uchachu huo, basi shabu yenyewe inashindwa kazi. Siku ile tulichojua ni kwamba tunahitaji chokaa, na munyu wangu haungetosha hata kwa sekunde moja ya mto.

Kanisa lililokuwa juu ya barabara lilikuwa linapakwa chokaa kwa ajili ya Pasaka. Mzee alivaa kofia yake vizuri akapanda kwenda huko, mimi nyuma na toroli. Katekista alimwona kutoka juu ya ngazi. "Eh! Mzee Hamisi! Leo umekuja kuokoka?"

"Nimekuja kuokoa," Mzee akasema. "Nipe chokaa."

Tulirudi na gunia moja na nusu. Sehemu ya ukuta wa nyuma wa kanisa lile ilibaki ya kijivu mpaka Pentekoste, na kila nilipoiona nilisema asante kimoyomoyo. Alhamisi tulipima, tukakosea, tukapima tena. Ijumaa asubuhi Mzee alilazimika kwenda Kitale kuswali. Tangu nimjue hakuwahi kukosa Ijumaa, na wiki ile alisema ana mengi ya kuomba. Aliondoka mapema. Langoni akageuka. "Maji ya tangi kubwa yakijitenga kabla ya saa sita, kimbia Kachibora umpigie Katibu. Umwambie hivi: maji yamejitenga, ni safi. Sema."

"Maji yamejitenga, ni safi."

"Mwanangu," akasema, akaenda.

Saa tano na nusu nilipanda ngazi ya tangi kubwa nikachungulia, na nikaona sakafu. Kwa wiki tatu sikuwa nimeiona sakafu ile. Niliona mpaka ufa wa saruji na kijiko changu cha bati nilichoangusha mwezi wa pili. Sikumbuki nilivyoshuka. Nakumbuka nikikimbia kwa ndara, matope yakinirukia mgongoni, na mama wa simu ya jamii akiniambia, "Pumua kwanza, dada, simu haitoroki." Akanipigia nambari. Ikalia, ikalia.

"Haro?"

"Katibu! Ni Nafula, wa kituo cha maji!"

"Sema haraka, mkutano inaanza."

"Maji imekatika!"

"Ati?"

"Imekatika, Katibu! Yote! Hata tangi kubwa!"

"Imekatika kabisa?"

"Kabisa bana! Hujawahi ona! Kujeni mjionee!"

Kisha nikamsikia akiwaambia wenzake, "Si niliwaambia?" Na simu nayo ikakatika.

"Si niliwaambia." Niliyabeba maneno yale kama taji. Nilinunua mandazi matatu, la Mzee, la Mama Zuhura na langu, nikarudi nikiimba. Mzee alipofika alasiri alipanda ngazi kwanza, akaitazama sakafu, akasema alhamdulillahi. Akashuka anatabasamu. "Na Katibu ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Ulisemaje?"

Nikafungua mdomo, na neno lilipofika kwenye meno ndipo nililisikia kwa masikio ya mtu aliye Bungoma. Tabasamu la Mzee lilikaa usoni kidogo, kama mgeni asiyejua aondoke vipi. Akashika andazi lake bila kulila. Tulirudi Kachibora pamoja, tukapiga, simu haikushikwa. Jioni ile fundi wa bomba, aliyekuwa amepata amri, alifunga vali kuu kule chini ambako funguo zake hatukuwa nazo. Jumamosi na Jumapili wanachama wote walikuwa na mifereji mikavu, na sisi huku juu tangi la maji meupe kabisa likifurika na kumwagika kwenye nyasi. Jumapili nesi wa zahanati alipanda mwenyewe, amebeba mtungi kichwani. Mama mmoja alikuwa amejifungua asubuhi, na maji ya kumwosha mtoto yalitoka mtoni yakachemshwa. Nesi aliyaona maji yetu yakipotea kwenye nyasi. Hakunigombeza. Alijaza mtungi, akasema, "Mtoto ni mzima, lakini si kwa sababu yenu." Nililia stoo nikiwa nimejifunika gunia tupu la shabu.

Jumatatu kamati ilikuja. Waliyaona maji, wakayaonja, wakakubali kituo kisifungwe. Kilichobaki ni kosa, na kosa lazima liwe na mwenyewe. Mzee aliniambia nikasugue mfereji. Yeye aliingia chumba cha dawa na karatasi iliyokunjwa, wakafunga mlango. Nilisugua palepale chini ya dirisha. Kwanza palikuwa kimya, kama mtu anasoma. Kisha nikasikia sauti ya Bwana Wanyonyi: "Hamisi! Wewe? Wewe mwenye kunisahihisha na wino nyekundu kila mwezi?" Na chumba kizima kikaangua kicheko. Kicheko kirefu, cha kupiga meza. Moyo wangu ukashuka mahali pake. Nikajiambia, wanacheka, basi wametusamehe. Mzee alitoka akiweka kofia yake sawa.

"Yamekwisha," akasema.

"Na mimi je?"

"Wewe una chupa sita hazijaoshwa."

Mwaka ulipoisha niliandikwa kazi. Mzee alistaafu mwezi ule ule. Alisema ni magoti. Siku ya kuondoka alipanda ngazi za matangi yote, moja baada ya jingine, akikagua pembe zote, na sikujiuliza hata kidogo ni magoti gani hayo. Furaha yangu ilikuwa nyingi mno hata nisifikirie. Walinipeleka Bungoma miezi mitatu, kwenye chumba chenye madawati ya kubanana, na mwalimu wetu akachora ubaoni chembe za udongo, kila moja na alama ya kutoa, akasema hii inaitwa koroidi, na hizi chembe zinafukuzana kwa sababu zote ziko na chaji moja. Chumvi ikiyeyuka inaachana vipande vyenye chaji, na vile vya kujumlisha vinakuja kumaliza ugomvi. Chumvi ya kawaida inaleta moja. Shabu inaleta tatu, na nguvu yake si mara tatu tu, ni mara mamia. Nilicheka kwa sauti darasani. Mwalimu akauliza nacheka nini, nikasema, "Samahani, hiyo niliambiwa na mtu amekalia ndoo." Nikaandika "koroidi" kwenye daftari kama alivyoitamka, si "koloidi", na iko hivyo mpaka leo. Koti jeupe nililipata. Lina madoa ya chokaa yasiyotoka.

Wageni walipopungua Mama Zuhura alinyoosha mkono chini ya mto, akatoa bahasha iliyogeuka manjano. "Alisema nikupe akishaenda," akaniambia. "Akiwa hai angeona haya."

Ilikuwa nakala ya kaboni ya barua kwa mwenyekiti wa kamati. Mwandiko niliujua kabla ya kuusoma, herufi zimesimama wima kama mikunjo ya suruali yake. "Kuhusu simu ya Ijumaa," aliandika, "maneno yale yalikuwa yangu. Kabla ya kwenda kuswali nilimwagiza binti hivi: ukiona mambo yamekuwa mazuri, piga simu useme, maji imekatika. Binti alisema kama alivyotumwa, na mjumbe hauawi. Niko tayari kuiacha kazi mwaka utakapoisha. Naomba yeye aandikwe."

Niliisoma, nikairudia. Maneno yalikuwa, mambo yamekuwa, kila neno limepatana na mwenzake, mpaka nilipofika kwenye maji.

"Umeiona?" Mama Zuhura akauliza, akaweka kidole juu ya ile i. "Mimi niliiona usiku ule ule anaandika. Nikafurahi! Miaka yote hiyo nangoja siku yangu. Nikamwambia, Baba Zuhura, leo umekosea, lete kalamu nyekundu. Akasema, sikukosea, mke wangu, nimenukuu. Katibu alisikia imekatika. Nikiandika vingine watajua si yangu." Akaondoa kidole. "Nilimwambia watakucheka. Akasema, wacha wacheke, kicheko hakifukuzi mtoto kazi."

Kwa hiyo kicheko kile nilichokisikia dirishani, kilichonituliza moyo, kilikuwa hicho. Binti wa chai akapita akaona kikombe changu bado kimejaa, vipande vya maziwa vimeshatua chini na maji ya kahawia yamebaki juu, safi kabisa. "Auntie, hiyo usikunywe," akasema. "Imekatika."

"Imekatika," nikamwambia Mzee, popote alipo, na nikangoja kidogo anisahihishe, kabla sijakumbuka kwamba safari hii nilikuwa sawa, maana ni chai.

Niliinywa yote.